Simu ya Jikoni: Kuishi na Laini ya Pili Nyumbani

Ramadhani ya mwaka juzi nilizima sauti ya simu yangu saa tisa alasiri. Mikono ilikuwa kwenye unga na wateja wa sambusa hawanipi nafasi hata ya kufuta jasho. Nilipoishika tena baada ya futari nikakuta simu 31 hazikupokelewa. Ishirini na mbili za oda. Tisa za mama mkwe, anapiga kutoka Muheza, mdogo wake amelazwa na yeye hana nauli ya kumfuata. Mpaka leo akinipigia huanza na swali lile lile: "Leo nimeingia foleni ya sambusa, au nipo peke yangu?"

Wiki ile ile nikachukua laini ya pili. Laini yenyewe haina shida kupatikana, inauzwa chini ya mwavuli kila kona ya Ngamiani, hapa Tanga. Shida ilianza baada ya kuinunua. Niliitia kwenye simu ile ile, nikawapa namba mpya wateja waliokuwa na ile ya zamani, nikampa na wifi yangu, nikamsajilia na mwanangu kule shuleni. Baada ya mwezi nikawa na namba mbili zinazoita mambo yale yale, na deni la vocha mara mbili. Niliyojifunza baada ya hapo ndiyo haya, na nayaandika kwa ajili ya mtu mwenye biashara ndogo ya nyumbani, mwenye vyumba vya kupangisha, fundi cherehani wa barazani, au familia inayotaka simu moja ya nyumba ambayo mtu yeyote aliyepo anaweza kuipokea.

Kazi moja, na iandikwe

Kabla hujainunua, chukua kalamu uandike hiyo laini ni ya nini. Neno moja au mawili: "oda", "wapangaji", "nyumbani". Ukishindwa kuandika kwa maneno mawili, hujawa na haja nayo bado. Yangu niliandika "oda" kwa kalamu ya wino mzito kwenye plasta, nikaibandika nyuma ya simu. Binti yangu alicheka, lakini plasta ile imenisaidia kuliko alivyodhani. Siku mwalimu wa darasa alipoomba namba nyingine ya mzazi, niliiangalia plasta nikampa namba ya baba yake.

Kanuni inayofuata ni ngumu zaidi: ya zamani ibaki kwa nani? Wengi hufanya kinyume. Hununua namba mpya na kuigawa kwa ndugu, wakiacha ile ya zamani kwa wateja kwa kuwa ndiyo iliyoandikwa ukutani na kwenye vifungashio. Mimi nakushauri ndugu wabaki na ya zamani. Mama mkwe hatabadilisha namba yako kwenye kidaftari chake alichoandikiwa na mjukuu mwaka 2012. Mteja atabadilisha, maana anataka sambusa. Wateja niliwahamisha kwa wiki sita: kila aliyepiga namba ya zamani nilimpokea vizuri, nikamaliza oda yake, kisha nikamwambia, "Kesho ukitaka, piga hii nyingine, hii nitakuwa naizima." Sikuizima, bila shaka. Lakini mtu anayeambiwa kitu kitazimwa huandika.

Kuchagua mtandao ukiwa jikoni

Watu huchagua mtandao kwa matangazo. Wewe uchague kwa kuta zako. Nyumba yetu ina bati juu na matofali ya saruji pande zote, na jiko liko uani, kwenye kona ambako mtandao wangu wa kwanza hushuka hadi alama moja. Nilimwomba jirani simu yake ya mtandao mwingine, nikasimama nayo pale pale ninapokaangia, nikapiga. Nikarudi usiku saa mbili, wakati watu wengi wako hewani, nikapiga tena. Ikakamata mara zote mbili. Basi, uchunguzi umeisha.

Kuwa na mitandao miwili tofauti kuna faida nyingine: mnara wa mmoja ukilala, nyumba haijakatika. Na usijisumbue kukisia mtu yuko mtandao gani kwa kuangalia tarakimu za mwanzo. Tangu Machi 2017 mtu hapa Tanzania anaweza kuhama mtandao na namba yake, kwa hiyo 075 ya leo si lazima iwe pale ulipoizoea.

Usajili usiufanye kwa haraka. Tangu usajili wa alama za vidole ulipokuwa wa lazima, na laini zisizosajiliwa kuanza kufungwa baada ya tarehe 20 Januari 2020, laini inafungamana na namba ya kitambulisho cha NIDA cha mtu mmoja. Laini "ya nyumba" haipo kisheria. Ipo laini ya mtu, iliyowekwa nyumbani. Amueni ni ya nani, na awe mtu mzima anayeishi hapo. Laini iliyosajiliwa kwa jina la shemeji aliyehamia Mwanza itakutesa siku ya kwanza simu itakapoibwa, kwa sababu anayeweza kuirudisha ni yeye na kidole chake.

Na kidole chenyewe kichunge. Wakala akikuambia "haijasoma, weka tena" mara ya kwanza, sawa, mikono yetu ya unga na sabuni wakati mwingine haisomi kweli. Akikuambia mara ya tatu, muulize anasajili nini. Kuna mawakala wasio waaminifu ambao kidole chako kimoja hukitolea laini mbili: moja yako, nyingine ya mtu usiyemjua atakayeitumia kutapeli kwa jina lako. Ukitoka hapo piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoitambua, nenda kwenye duka la mtandao wenyewe uikane ifutwe. Usirudi kwa wakala wa mwavuli. Mimi huangalia kila robo mwaka, siku ile ile ninayolipia takataka.

Kitochi au simu ya laini mbili?

Hapa ndipo nilipopoteza wateja bila kujua. Simu yangu ni ya laini mbili, nikadhani imetosha. Sikujua kwamba simu nyingi za namna hiyo zina redio moja tu ya mazungumzo, na laini hizo mbili zinapokezana. Zote zinasubiri kuita, lakini ukishaanza kuzungumza kwenye moja, nyingine inakuwa haipo hewani. Nikiongea na dada yangu dakika ishirini, mteja anaambiwa namba anayopiga haipatikani. Yeye hafikirii kwamba naongea na dada. Anafikiri nimefunga, anampigia mwingine.

Suluhisho langu ni kitochi. Simu ya batani, ile ambayo Kenya huiita kabambe au mulika mwizi, inayokaa na chaji siku tatu nne na ikianguka kwenye ndoo ya unga unaifuta kwa khanga. Inakaa jikoni, juu ya rafu ya viungo, kwenye mfuko wa plastiki wa kufungia vitafunio. Haitoki nyumbani. Hilo ndilo sharti lililobadilisha mambo kuliko yote, kwa sababu simu inayotoka nyumbani itakuwa mfukoni mwa mtu, na simu iliyo mfukoni mwa mtu ni yake.

"Lakini WhatsApp je?" Wateja wengi hutuma picha ya keki au ya ukumbi, na kitochi hakina hayo. Jibu ni rahisi na watu wachache wanalijua: WhatsApp haihitaji laini iwe ndani ya simu inayotumia. Weka WhatsApp Business kwenye simu yako ya kawaida, jaza namba ya kitochi, subiri tarakimu sita za uthibitisho ziingie kwa ujumbe kwenye kitochi, zisome, ziandike. Kwisha. WhatsApp yako ya ndugu inabaki palepale na ile ya oda inakaa pembeni yake na picha yake ya sambusa. Ile ya biashara ina ujumbe wa kujijibu yenyewe usiku, na majibu ya haraka ya bei, ambayo kama hujayaweka utaandika bei ya sambusa za nyama mpaka kidole kiote sugu. Ukimaliza, ingia kwenye mipangilio uwashe uthibitisho wa hatua mbili, ili hata mtu akizipata zile tarakimu sita asiingie. Na tarakimu hizo haziombwi na mtu mwema. Anayekupigia kusema "kuna tarakimu nimezituma kwako kwa bahati mbaya, nisomee" anataka akaunti yako.

Kama uwezo wa simu ya pili haupo, basi simu moja ya laini mbili itunze hivi: zipe laini majina kwenye mipangilio, zisiitwe tena "Laini 1" na "Laini 2", kila moja iwe na mlio wake, na uweke mpangilio wa kuulizwa laini kila unapopiga. Usipofanya hili la mwisho utawapigia wateja kwa laini ya ndugu, wataihifadhi, na kazi yote ya wiki sita imerudi mwanzo. Data nayo iwashwe upande wenye bando peke yake. Bando likiwa huku na data ikawa kule, salio linaliwa ukiwa umelala.

Simu isiyopokelewa isipotee

Mikono ikiwa kwenye mafuta, kitochi kitaita na hakitapokelewa. Mitandao ina huduma ya zamani ya kuhamisha simu, na hufanya kazi hata kwenye kitochi. Ukiandika *61* ukafuatisha namba unayotaka simu ziende, kisha # na kupiga, simu isiyopokelewa baada ya kuita kidogo itahamia huko. *62* ni ya pale simu imezimwa au haina mtandao. *67* ni ya pale unapoongea na mwingine. Kufuta yote kwa mpigo ni ##002#. Mimi nimeweka *62* tu, iende kwa binti yangu mkubwa, kwa sababu umeme ukikatika siku mbili kitochi nacho hufa.

Mambo mawili kuhusu huduma hii. Kwanza, safari ya pili ya simu iliyohamishwa hulipiwa na mwenye kuhamisha. Mteja analipa kufika kwako. Kutoka kwako kwenda kwa binti unalipa wewe, kwa hiyo laini isiyo na salio haihamishi kitu. Pili, matapeli wanaijua vizuri kuliko sisi. Akikupigia mtu wa "huduma kwa wateja" akakwambia upige *21* na namba fulani ili "kuboresha laini", anakutaka uhamishie kwake simu zako zote, zikiwemo zile za kuthibitisha akaunti. Piga *#21# uone kama simu zako zimehamishwa na zinakwenda wapi. Ukikuta namba usiyoijua, ##002# haraka, kisha piga simu kwenye mtandao wako.

Lakini kuhamisha simu si dawa ya kila kitu, na kwa biashara ya nyumbani naona daftari linashinda. Pembeni ya kitochi kuna daftari la kurasa 96, limetobolewa kona na kufungwa kwa uzi kwenye msumari, na kalamu imefungwa kwa uzi huo huo. Anayepokea simu anaandika. Ukurasa wa Ijumaa iliyopita unasomeka hivi: "Saa 4 asb. Mama wa duka la nazi. Sambusa nyama 60, Jmosi saa 10. Kianzio ametuma 10,000. Simu imepokelewa na mimi mdogo." Huyo "mimi mdogo" ni kitinda mimba wangu wa miaka kumi. Maneno manne ya mwisho ndiyo yenye thamani: kosa likitokea tunajua tumuulize nani. Jioni naketi na daftari na orodha ya simu zisizopokelewa, nawapigia wote. Wanaobipu pia. Mtu anayebipu anataka kitu na hana salio, hajakudharau.

Zamani, nyumbani kwa babu yangu kulikuwa na simu ya mezani, ya kuzungusha, enzi za Posta na Simu kabla shirika halijagawanywa miaka ya 1990 tukaanza kusema TTCL. Babu aliifunga kufuli dogo kwenye tundu la kuzungushia ili tusipige. Wajomba zangu wakagundua kwamba ukigonga kile kitako cha kuwekea mkono wa simu mara tano kwa kasi, umepiga tano. Mara kumi, umepiga sifuri. Maana simu ile ilikuwa ikihesabu mikatiko ya umeme tu, haijali nani anaikata. Bili ilipokuja babu alikikagua kile kifuli kama polisi, kizima, hakijaguswa. Nikikumbuka hilo siweki nywila za ajabu kwenye kitochi kuwazuia watoto. Tulikaa tukakubaliana: wanapokea, hawapigi, na wakitaka kumpigia rafiki waombe ya kwangu.

Watoto wafundishwe kupokea. Usiseme "haloo" ukanyamaza. Binti yangu wa kati sasa anasema, "Shikamoo, hapa ni kwa mama sambusa." Mteja hujibu, "Marahaba mwanangu, mama yupo?" Naye hasemi "hayupo", hata kama niko sokoni. Anasema, "Yupo kazini, nakusikiliza mimi nikuandikie." Kuna usalama ndani yake, si kila anayepiga ajue nyumba ina watoto peke yao. Kuna biashara pia: aliyeambiwa hayupo hukata.

Saa za kufunga nazo ni muhimu, na hapa sina simile. Kitochi changu huzimwa saa tatu usiku na kuwashwa saa moja asubuhi, Ramadhani saa nne. Mwezi wa kwanza wateja walilalamika. Mmoja alinipigia saa sita usiku kwenye namba ya ndugu, aliipata sijui wapi, akitaka kujua kama kesho kutakuwa na kachori. Nilimjibu kwa upole kwamba nitamwambia kesho. Mwezi wa pili hakuna aliyelalamika. Watu wanazoea saa za duka, watazoea na zako.

Hela isipite mlango mmoja

Ikiwa laini ya oda itapokea pesa, pesa ya oda isiguswe kwa ada ya shule wala kwa mchango wa harusi, hata kwa kuazima hadi jioni. Najua tunavyoazimana na mifuko yetu wenyewe. Mimi nilikuwa natoa "elfu tano tu" mara nne kwa wiki, na mwisho wa mwezi nilidhani sambusa hazina faida. Zilikuwa nayo. Ikitoka pesa ya nyumbani kwenye laini ya oda, naituma kwenda laini yangu siku moja kwa wiki, Jumamosi, kiasi kile kile, kama mshahara. Makato ya muamala mmoja ni madogo kuliko ya minne, na hesabu inaonekana yenyewe kwenye orodha ya miamala. Ukikua kidogo chukua lipa namba. Mteja anailipa moja kwa moja na hakuna haja ya kumtajia majina yako yote matatu barabarani.

Tofautisha namba za siri mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni ya laini yenyewe, ile simu inayokuuliza ikiwashwa. Ukikosea mara tatu laini inajifunga na kutaka PUK, namba ndefu iliyochapwa kwenye kadi ya plastiki ilikobanduliwa laini. Kadi hiyo usiitupe. Yangu iko kwenye bahasha moja na vyeti vya kuzaliwa. PUK ukiikosea mara kumi, laini imekufa, utakwenda kuchukua nyingine. Ya pili ni namba ya siri ya pesa. Ya kwanza wanaijua watu wazima wote wa nyumba hii, kwa kuwa kitochi lazima kiwashwe hata nikiwa Muheza. Ya pili naijua mimi na mume wangu, basi. Na isiwe mwaka wa kuzaliwa wa mtoto, maana mtoto anaujua.

Sasa kuhusu jumbe za uongo. Simu inayopokelewa na watu watatu ni rahisi kutapeliwa kuliko ya mtu mmoja, kwa sababu kila mmoja anadhani mwenzake anajua. Ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" hutumwa kwa maelfu ya watu kwa matumaini kwamba mmoja wao ana hela ya kutuma siku hiyo. Binti yangu alinionyesha mmoja akiuliza, "Mama, ni hela ya nyama?" Alikuwa karibu sana na ukweli, siku ile kweli nilidaiwa nyama. Tumekubaliana hakuna anayetuma pesa kwa ujumbe, mpaka tumsikie mtu kwa sauti kwenye namba tuliyo nayo kwenye daftari.

Mwingine ni wa "umepokea", unaofanana neno kwa neno na ule wa mtandao, ila umetoka kwenye namba ya mtu wa kawaida. Dakika mbili baadaye anapiga akilia kwamba amekosea namba, umrudishie. Usisome ujumbe, angalia salio. Ingia kwenye menyu ya pesa, tazama kiasi kilichopo, ulinganishe na daftari. Kama kweli imeingia kwa makosa, usiirudishe kwa mkono wako; mwambie awasiliane na mtandao wake waurudishe muamala kwa utaratibu. Mwaminifu atakubali. Jumbe za kitapeli zinaripotiwa bure kwenda 15040, na ukishazoea inakuchukua nusu dakika.

Simu ikiibiwa, hatua ya kwanza ni kufunga laini, simu baadaye. Piga huduma kwa wateja kutoka simu yoyote, wafunge, kisha mwenye NIDA aende na kitambulisho dukani arudishiwe namba ile ile kwenye laini mpya. Kwa hiyo andika mapema, ukutani kabisa, namba ya huduma kwa wateja ya mtandao huo. Hutaikumbuka siku hiyo.

Namba ina historia yake

Laini isiyotumika hufa. Ukiiacha miezi kadhaa bila kuiwekea salio wala kuipigia, mtandao unaifunga, na baada ya muda namba inauzwa kwa mtu mwingine. Akaunti ya WhatsApp nayo hufutwa ikikaa siku 120 bila kutumika. Kama biashara yako ni ya msimu, kalenda ya ukutani iwe na alama kila mwezi: weka vocha ndogo, piga simu moja, zima. Ukiamua kuiacha kabisa, itoe kwanza benki, kwenye lipa namba, kwenye akaunti ya barua pepe na popote inapotumika kukutambulisha. La sivyo atakayeinunua atakuwa anapokea tarakimu zako za siri bila hata kuomba.

Nalijua hilo kutoka upande wa pili. Namba yangu ya oda ilikuwa ya mtu kabla yangu, na miezi mitatu ya mwanzo nilipigiwa na watu wanaomtafuta fundi friji. Wengine walikuwa wapole, wengine walitaka kianzio chao. Ndiyo maana nashauri: ukinunua laini mpya, kabla hujachapisha namba popote, iweke kwenye simu siku kumi na usikilize. Itafute WhatsApp uone kama bado ina picha ya mtu. Ikiwa inaita mambo ya watu, iache uchukue nyingine, hasara bado ni ndogo. Mimi sikujua, nilikuwa nimeshachapisha vibandiko 200.

Kuna mzee mmoja wa Chumbageni bado anapiga, mara moja kila miezi miwili, friza lake haligandishi. Kila mara namwambia fundi alihama namba, na kila mara anashangaa upya. Safari ya mwisho alinyamaza kidogo, akasema, "Basi wewe unatengeneza nini hapo?" Nikamwambia. Akaagiza hamsini za samaki, na nimeziandika kwenye daftari chini ya jina "Mzee Friza, Alhamisi, kabla ya Maghribi".